Sura ya Tisa: Aliyepika Haulizwi

Veridiana alimimina maharage juu ya meza ya Chimène, kule Buffalo, na kitu cha kwanza kubingirika kilikuwa jiwe.

Lilikuwa jiwe dogo la kijivu. Likasimama kando ya kikombe cha chai. Nyuma yake yakaja maharage mekundu: mengine yamepasuka nusu, mengine yametobolewa na wadudu, na katikati yake kipande cha bua kikavu.

"Umeyatoa wapi haya?" Chimène aliuliza.

"Ndani ya ndoo yenu. Nilipitia Columbus jana nikiwa njiani kuja huku. Mwenyekiti, Mzee Manassé, aliniruhusu nichukue kifuko kimoja. Alicheka. Alidhani nina njaa."

Chimène hakucheka. Tangu Jumanne hakuwa na la kumchekesha. Jumatano usiku, kwenye mazoezi ya kwaya, waimbaji wa sauti ya kwanza walisogea wakamwachia benchi zima peke yake. Yeye ndiye aliyekabidhiwa ndoo ya kura za wanawake wa Buffalo, na ndoo ilipofunguliwa Columbus Jumanne hiyo, kura zilisema hapana.

Umoja wa Maziwa uliwaunganisha Wakongo na Warundi wa miji mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Ulizika wafu, ulipokea wageni uwanja wa ndege, uliamua nani aseme kwa niaba ya familia mtu anapofariki. Na tangu uanzishwe ulikuwa na sheria moja ya kura: nyumba moja, sauti moja, na sauti ya nyumba ilikuwa na ndevu. Wanawake walipika. Mwaka huo wa 2015, wanawake wa Louisville waligoma kupika sikukuu ya Pasaka, wazee wakala mikate ya dukani, na kabla ya Pentekoste kamati ikakubali wanawake waulizwe wenyewe kama wanataka kupiga kura. Kila mji ndoo yake. Miji mitatu ikubali yote. Mmoja ukikataa, jambo limefungwa kwa miaka mitano. Louisville ilikubali. Columbus ilikubali. Mkutano wa kuthibitisha ulikuwa kesho, Jumamosi, na tayari kwenye WhatsApp ya Umoja wanaume walikuwa wanarushiana maneno yale yale: *Mnaona? Wenyewe hawataki.*

Veridiana aliyafahamu maneno hayo. Kwenye darasa la uraia alikuwa amesoma habari za wanawake wa nchi hii waliodai kura, wakafungwa, wakalishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Huko Ohio, jimbo la Columbus, miaka zaidi ya mia iliyopita, wanaume walipiga kura ya kuwanyima. Na kila mahali hoja ilikuwa hiyo hiyo: wenyewe hawataki. Waongo hawana bidii ya kutunga uongo mpya.

"Tuanze na vifuko," alisema. "Nani alivijaza?"

"Siye bamama. Hapa hapa, kwa hii meza."

Njia ya kura ilikuwa ya kambi ya wakimbizi, kutoka siku za mgao wa chakula, wakati karatasi haikuwepo na wengi hawakusoma. Kila mpiga kura alipewa vifuko viwili vya nailoni, kimoja kikombe cha maharage meupe, kingine kikombe cha mekundu. Meupe ni ndiyo, mekundu ni hapana. Aliingia nyuma ya pazia la kitenge, akatia kifuko anachokitaka ndani ya ndoo, na kile kingine akakiacha kwenye beseni. Ndoo ikafungwa kwa utepe wa gundi.

"Kabla ya kuvijaza mlifanya nini?"

"Bon, tulichambua."

"Maharage ya kura? Si ya kupika?"

"Mama Veri, mikono inaenda yenyewe. Tulichukua sinia za kuoka keki, tukachambua mpaka usiku. Shemeji Elisée akatucheka: *Munachambua kura?* Nikamuambia, miye tangu nizaliwe sijaweka haragi mahali popote na jiwe yake." Akalishika lile jiwe kwa vidole viwili. Kisha akaanza kutenga yaliyovunjika upande mmoja, haraka haraka, kama mtu anayehesabu matusi. "Hii si yetu. Donc, hii haikupita mikono ya mwanamke hata moja."

Veridiana alisimama. Kule Mtabila, kambini, alikuwa kiongozi wa sungusungu wa kijiji chake, mwanamke pekee mwenye filimbi, na hadi leo watu walimwita Afande kwa utani. Siku hizi, kwenye ghala la Okolona, Louisville, kazi yake ilikuwa kufungua maboksi yaliyorudishwa na wateja. Alishakutana na matofali ndani ya boksi la televisheni, utepe ukiwa mzima kabisa.

"Basi ndoo ni ile ile, lakini vilivyomo vimebadilishwa," alisema. "Ila jiwe peke yake halitoshi. Watasema mlichambua vibaya kwa kuwa mlikuwa mnapiga soga. Nataka kujua nani aliishika ndoo baada yako."

"Jumapili jioni, baada ya chakula, nilimupa katibu Azarias mwenyewe. Alikuja toka Columbus kusimamia. Lakini hatukumuacha peke yake. Tulimuweka Elisée kwa gari yake, alinde."

"Shemeji yako."

"Ndiyo sababu wananisema miye," Chimène alijibu. "Wanasema ndoo ilikuwa kwa mikono ya familia yangu."

*

Elisée alitoka kiwandani wakati wa mapumziko, nywele zimefungwa kwa kofia ya plastiki, vumbi la unga mabegani. Theluji nyembamba ilikuwa inaanguka kwenye uwanja wa magari. Alipomwona Veridiana alitazama kwanza mlango aliotokea.

"Afande. Toka Louisville mpaka hapa?"

"Nimekuja kukusalimu. Jumapili ulisafiri na katibu?"

"Ndiyo."

"Ndoo ilikaa wapi?"

"Kwa magoti yangu. Mpaka Columbus."

"Hukusinzia?"

"Hata kidogo. Tulikuwa tunasikiliza nyimbo ya kwaya. Azarias anapenda kwaya."

"Redioni?"

"Kwa radio ya gari, ndiyo."

Veridiana akapuliza mikono yake. "Mwezi wa saba nilipanda gari la Azarias kwenda mazishini. Redio imekufa. Palipo na redio pana shimo lenye nyaya. Tuliimba wenyewe mpaka sauti zikakauka."

Elisée akavua kofia ya plastiki, akaikunja, akaikunjua.

"Shemeji yako anaachiwa benchi zima peke yake kanisani," Veridiana alisema. "Na wewe unaniletea kwaya."

"Usimuambie, Afande."

"Sema kwanza."

"Kazini waliniita. Mtu wa zamu aligonjwa. Nikashuka kwa kona ya pili tu, hatukufika hata barabara kubwa. Niliona aibu, wamama walinituma miye peke yangu. Nikamuomba Azarias asiseme."

"Akasemaje?"

"Akasema, *usijali ndugu yangu, siri yako ni siri yangu.* Alikuwa mwema sana. Mpaka akanifungulia mlango."

"Nimekuelewa," Veridiana alisema. "Kesho utakuwa Columbus, na utalisema hilo mbele ya watu."

"Nina zamu kesho."

"Ulikuwa nayo Jumapili pia."

Veridiana alirudi garini karibu akikimbia. Katibu alikuwa peke yake na ndoo kutoka Buffalo mpaka Columbus, na kinga ya kujifichia alipewa bure na mlinzi mwenyewe. Lakini kuwa peke yake na ndoo si sawa na kuifungua. Azarias angesema: sikuigusa, na wanawake wa Buffalo ndio waliokataa. Nani angethibitisha walichotia nyuma ya pazia? Veridiana angewauliza mmoja mmoja, na kila mmoja angeapa alitia meupe, na wazee wangetabasamu: leo mnaona haya.

Alipiga breki katikati ya mtaa. Gari la nyuma likampigia honi ndefu.

Beseni.

*

"Nilifikiri hamtakuja kamwe," alisema Angelika.

Alikuwa Mrundi mnene mwenye sauti ya chini, aliyehudumia wazee katika nyumba ya wazee mchana na kupikia Umoja siku za mikutano. Alikuwa amevaa sare ya kazi, anajiandaa kutoka.

"Hakuna aliyekuuliza?"

"Aniulize nini? Wameuliza aliyelinda ndoo. Wameuliza aliyefunga utepe. Mpaka waliuliza aliyeshona pazia. Aliyepika haulizwi. Aliyepika anaulizwa kama kuna chumvi."

"Vifuko vilivyobaki kwenye beseni, vile ambavyo hawakuvichagua. Ulivifanya nini?"

"Nilivipika. Ulitaka nivitupe? Kulikuwa na wageni, wazee wamejaa gari zima kutoka Columbus. Nikafungua vifuko, nikaosha, nikatia kwenye jungu la presha, na jioni wakala."

Chimène, aliyekuwa amekuja na Veridiana, alikaa polepole kwenye kiti cha jikoni.

"Mama Angelika," Veridiana alisema, "yalikuwa ya rangi gani?"

"Mekundu. Palikuwa na vifuko vichache vya meupe, nikaviweka kando kwa sababu haviivi pamoja. Lakini beseni lote lilikuwa jekundu."

Chimène akaanza kupiga paja lake kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. "Kama mekundu ilibaki kwa beseni..."

"Meupe yaliingia kwenye ndoo," Veridiana alimalizia.

"Na siye tulikula hapana yetu na wali!"

"Na mawese," Angelika aliongeza. "Nilitia mawese mengi."

Veridiana alisimama kutembea, akagundua jiko halina pa kutembelea, akakaa tena. "Mawese. Watasema mawese yalifanya meupe yaonekane mekundu. Ningekuwa mimi ningesema hivyo. Umebakiza chochote?"

Angelika alimtazama kama aliyetukanwa. Akafungua friza, akasogeza kuku, akasogeza samaki, akatoa ndoo ndogo ya ice cream ya vanila.

"Wajukuu wangu walilia walipoifungua," alisema. "Siku hizi hawaniamini tena."

*

Ukumbi wa kanisa Columbus ulikuwa umejaa kabla ya saa sita. Wanaume walikuwa mbele, wanawake nyuma na jikoni, watoto wakijibizana kwa Kiingereza kwenye ngazi. Ndoo tatu zilikaa juu ya meza. Chimène aliingia, na wanawake wawili wa Buffalo waliokuwa wanaongea wakaacha kuongea.

Veridiana hakuketi. Alizunguka akisalimia, na kila aliyekuwa Buffalo Jumapili alimwuliza jambo moja.

"Mzee Manassé, shikamoo. Nasikia chakula cha Buffalo kilikuwa kizuri."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, mwenye kupenda mzaha na kupenda kuwa mwenyekiti. "Marahaba. Wee, usiseme! Maharagi nyekundu, mawese, na ile pilipili. Nilirudia sahani. Voilà, hiyo ndiyo kazi yenu wamama, muko na kipaji."

"Ahsante, mzee."

Wazee wengine walisema vile vile. Mekundu. Mekundu, matamu. Mmoja alisema mekundu na akalalamika kuhusu gesi tumboni. Elisée alikuwa ameketi karibu na mlango, macho mekundu kwa usingizi, na alipopitwa aliitikia kwa kichwa bila kutazama juu.

Azarias alikuwa anapanga viti. Alikuwa mtu nadhifu, tai imenyooka, Kiswahili chake kimenyooka zaidi.

"Dada Veridiana. Karibu sana. Poleni na matokeo."

"Tumeshapoa, katibu. Watu wanasifu chakula cha Buffalo. Nawe ulikula?"

"Nilikula, ndiyo."

"Nini?"

"Maharage."

"Ya namna gani?"

Azarias alikishika kiti alichokuwa nacho mkononi. Alikiweka chini, akakisogeza kikalingana na vingine, ingawa kilikuwa kimelingana.

"Meupe," alisema. "Ndiyo. Nakumbuka vizuri, yalikuwa meupe."

"Ahsante, ndugu yangu," Veridiana alisema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Louisville alisikia njaa.

*

Azarias alisoma matokeo kwa sauti ya mazishi. Louisville, ndiyo. Columbus, ndiyo. Buffalo, hapana. Mzee Manassé alishika kalamu kutia sahihi.

Mwanamke hakuruhusiwa kusema katika mkutano wa Umoja. Alikuwa na nafasi moja tu ya kusimama: kutoa taarifa ya jiko, yaani kuwaambia wazee chakula ni nini na kitakuwa tayari lini. Veridiana akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kutoa taarifa ya jiko."

"Toa, mama, toa," alisema Manassé. "Tuko na njaa."

"Taarifa yangu ni ya jiko la Buffalo, Jumapili iliyopita."

Vicheko. Mtu mmoja akasema hiyo imeshapoa. Veridiana alisubiri vicheko viishe. Kisha akaeleza kwa maneno machache: kila mwanamke vifuko viwili, kimoja ndani ya ndoo, kingine kwenye beseni. Na beseni halikwenda kokote isipokuwa jikoni. "Wazee, nimewauliza leo mlikula nini. Nani alikula maharage mekundu?"

Mikono iliinuka kabla ya akili. Wa kwanza ulikuwa wa mwenyekiti.

Veridiana akaona mikono mingine inaanza kushuka polepole, mmoja baada ya mwingine, kila mwenye mkono akifika mwenyewe pale alipokuwa anapelekwa. Nyuma ya ukumbi wanawake walikuwa wamefika zamani. Sauti zao zilikuwa zinapanda kama maji kwenye sufuria.

"Kidogo," alisema Azarias, akisimama. "Kidogo, ndugu zangu. Yalikuwa na mawese. Mawese hugeuza kila kitu kuwa chekundu. Hii ni hoja ya jikoni."

"Ni taarifa ya jikoni, katibu. Ndiyo niliyoruhusiwa kutoa." Veridiana aligeuka. "Mama Angelika."

Angelika alitoka jikoni na ndoo ya ice cream na chujio. Alikuwa ameyayeyusha maharage na kuyaosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mpaka mafuta yote yakaondoka. Akapita safu ya mbele akimwonyesha kila mzee, kama anayepitisha sadaka. Maganda yalikuwa mekundu kama damu ya mzee.

"Huyu anaweza kuwa amepika mengine jana," alisema Azarias. "Wanawake wamepanga. Na shemeji wa Chimène ndiye aliyekuwa na ndoo njia nzima."

"Hapana," alisema Elisée kutoka mlangoni. Alisimama. "Miye nilishuka kwa kona ya pili. Niliitwa kazini. Ndoo ilienda na wewe peke yako, Azarias. Shemeji, unisamehe."

"Sasa, katibu," alisema Veridiana, "swali moja tu limebaki, nalo si la mawese. Nimewauliza wazee hawa wote habari ya maharage, nao walinijibu kama watu walioulizwa habari ya maharage. Mekundu, matamu, yanaleta gesi. Wewe peke yako uliona ni hatari kujibu. Ulifikiri, ukasema meupe. Sahani yako ilikuwa mbele ya mwenyekiti, mmekula chungu kimoja. Kwa nini rangi ya maharage ikutishe, kama hukujua ina maana gani?"

Azarias alimtazama Manassé. Manassé alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe, kama imemsaliti.

"Mimi nilikuwa nalinda nyumba zetu," Azarias alisema mwishowe, kwa utulivu. "Mke akipiga kura tofauti na mumewe, hiyo si nyumba tena. Mtanishukuru."

"Kambini tulisimama foleni ya maji pamoja," alisema Veridiana. "Foleni ya mgao pamoja. Usiku nililinda kijiji kwa filimbi, na wewe, Azarias, ulikuwa unalala ndani ya kijiji hicho. Nyumba yako haikuvunjika kwa kuwa nilikuwa macho. Na kama unataka kughushi kura za wanawake, siku nyingine chambua maharage kwanza. Uliacha mawe."

Kelele zilizofuata hazikuwa za kicheko tu. Mtu alitaka iundwe kamati. Mwingine alitaka jambo liahirishwe mpaka Krismasi. Mzee Manassé alipiga meza kwa kalamu mpaka kukatulia.

"Bon," alisema. "Bon. Ndoo ya Buffalo imeharibika, nimeona. Lakini katiba inataka jibu la Buffalo. Mwenyekiti hawezi kutia sahihi juu ya ndoo imeharibika. Jibu la Buffalo iko wapi?"

Angelika alikuwa bado amesimama mbele yake na chujio.

"Mlilila, mzee," alisema. "Na wewe ulirudia sahani."

Mabega ya Manassé yakaanza kutikisika, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa ameshainama juu ya karatasi, akakata neno *hapana*, akaandika *ndiyo* na kutia sahihi.

Azarias alitoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyemfungulia.

Katikati ya vigelegele, Chimène aliichukua ndoo ya Buffalo mezani na kwenda nayo jikoni. Alipasua vifuko kimoja kimoja, akamimina maharage kwenye sinia, akaketi. Watu walikuwa wengi na lazima wale. Alianza kutoa mawe.

Waimbaji wawili wa sauti ya kwanza walisimama mlangoni, hawajui pa kuweka mikono. Chimène aliwatazama. Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi, na kuwasukumia sinia.